UZI: Miwa kama chakula cha ng'ombe Tanzania, matumizi yanapanda kweli au tunajidanganya?

Mkata Vilele (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuwaza siku nyingi, leo mvua inanyesha na umeme bado upo kwa hiyo wacha nimwage yote, nikiacha katikati sirudi tena najijua.

Mimi ni mkulima wa nje wa miwa (yaani shamba ni langu, si la kiwanda), Morogoro, napeleka kiwandani kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, na nyumbani nina ng'ombe chotara saba wa maziwa. Miaka yote hivi vitu viwili kwangu vilikuwa kama wake wenza, muwa kwake ng'ombe kwake, na ng'ombe akionekana tu karibu na shamba la miwa ni kesi. Sasa ile mvua ya El Niño ya mwisho wa 2023 ikaja, mnakumbuka, viwanda vikasimama, malori hayaingii shambani, sukari ikapanda mpaka kilo ikapita elfu 4 sehemu nyingi. Watu mjini walikuwa wanalilia sukari, mimi huku nina ekari mbili za miwa iliyokomaa imelala chini kwenye tope na hakuna wa kuibeba. Ikapitiliza, ikaanza kuota macho.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia, majani hamna, nikasema potelea mbali. Nikakodi mashine ya kukatia majani nikaanza kuwasagia ng'ombe muwa mzima mzima, fimbo na majani yake. Wiki ya kwanza aisee maziwa yalipanda, nikajiona profesa, nikawapigia simu mashemeji. Wiki ya tatu maziwa yameshuka kuliko mwanzo, kinyesi kama uji, na mtamba wangu mmoja mbavu zinahesabika na hori limejaa. Yaani anakula anashiba halafu anakonda.

Hapo ndo nikaanza kuulizauliza. Nilichogundua ni kwamba hii habari ya muwa kwenye hori ni ya zamani sana duniani na hapa kwetu inakua, ila inakua kwa mlango wa nyuma. Hakuna anayepanda ekari kumi za miwa aseme hizi ni za ng'ombe. Inakuja kwa molasesi (ule uji mweusi mtamu unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa), kwa vilele (vichwa vya miwa na majani yake), kwa makapi ya juisi, na kwa watu kama mimi ambao miwa ilikosa usafiri. Naomba wenye uzoefu tujadili, hasa mwenendo wake toka miaka ile mpaka sasa, na makosa yangu mnaweza kuyacheka ila mnisaidie.

Kijana wa Kihamba

Siti ya mbele kabisa 🍿

Bwana Mifugo Mstaafu

Mleta uzi hongera kwa kusema ukweli, wengi wakiharibu wanamsingizia jirani kaloga.

Kilichokupata kinaelezeka. Muwa ni sukari na nyuzinyuzi, basi. Ukitoa maji yake yote, karibu nusu ya kinachobaki ni sukari na nusu nyingine ni nyuzi ngumu zinazosagika taratibu sana tumboni. Protini ni asilimia 2 mpaka 4 tu ya kile kikavu, wakati ng'ombe anahitaji si chini ya 7 ili wale wadudu wa tumbo kubwa (vijidudu visivyoonekana vinavyomsagia majani) waweze kufanya kazi, na wa maziwa anahitaji zaidi ya hapo. Sasa wadudu wanapata sukari chungu nzima hawana cha kujengea miili, nyuzi zinakaa humo hazitoki, ng'ombe anajisikia ameshiba. Wiki ya kwanza maziwa yalipanda kwa sababu alikuwa anakula akiba ya mwili wake, akiba ilipoisha ukaona mbavu.

Ila usiutukane muwa, una sifa moja majani mengine yote hayana. Mabingobingo ukiyachelewesha yanakuwa kuni, kadri yanavyozeeka ndivyo yanavyokosa faida. Muwa ni kinyume, ukikomaa unaongeza sukari kwa hiyo faida yake haishuki, na unakomaa kiangazi, mwezi ambao kila kitu kingine kimekauka. Unasimama shambani peke yake kama ghala, hauhitaji kuvunwa na kutunzwa. Ndo maana nchi zilizokwama kiangazi zimeukimbilia huo.

Pusi wa Mjini

Mimi sina shamba wala nini, nafuga mbuzi wanane uani hapa Dar. Nina mkataba wa mdomo na vijana wawili wa juisi ya miwa, jioni napita na kiroba nachukua makapi. Mwanzoni walinipa bure, wakaona nakuja kila siku wakaanza kuniomba hela ya soda, sasa hivi ni bei kabisa na kuna jamaa mwingine wa ng'ombe kaingia sokoni ananipandia. Kwa hiyo swali la mleta uzi kama matumizi yanapanda, mimi jibu langu ni ndiyo, naliona kwenye mfuko wangu.

Ila wakuu yale makapi ni ya siku hiyo hiyo. Yakilala yanachacha, nzi wote wa kata wanahamia kwako.

Bwana Mifugo Mstaafu

Pusi, na hao mbuzi wape majani ya lusina (mti wa malisho) au hata ya mpapai pembeni, usiwape makapi matupu. Ile mashine ya juisi imeshakamua sehemu kubwa ya utamu, unachowapa ni nyuzi zilizolowa sukari kidogo.

Kijana wa Kihamba

Naomba niongelee upande wa Kilimanjaro maana molasesi sisi tumekua nayo. Nyumbani ng'ombe ni wa ndani, hatoki, anakula majani ya migomba, magome yake, na majani mnayoyabeba kichwani toka tambarare. Kiangazi mabua ya mahindi yanapandishwa na malori toka chini huko, makavu kama karatasi, ng'ombe hayataki. Mzee alikuwa na dumu la molasesi limefichwa stoo kama pombe ya kienyeji, anachanganya na maji anayanyunyizia mabua, ng'ombe wanaramba mpaka sakafu. Hiyo ni miaka ya tisini mwanzoni.

Wakati ule molasesi ilikuwa kitu cha kuchukua tu, mpaka barabara za mashamba ya miwa ilikuwa inamwagwa kuzuia vumbi. Sasa hivi nenda kaulizie. Kila kiangazi inapanda na kuna wakati haipo kabisa, unaambiwa imeondoka yote na malori ya matanki.

Takwimu Mbichi

Ngoja niweke namba kidogo kabla watu hawajaanza "naona" na "nahisi".

Molasesi inaenda na miwa. Kila tani 100 za miwa zinazosagwa zinaacha kama tani 3 mpaka 4 za molasesi. Kabla viwanda havijabinafsishwa, yaani Kilombero na Mtibwa 1998, TPC 2000, Kagera 2001, nchi nzima ilikuwa inatoa sukari chini ya tani laki moja na nusu kwa mwaka. Msimu wa 2022/23 ilipita tani laki nne na nusu. Halafu wameongezeka Bagamoyo na Mkulazi. Kwa hiyo molasesi inayotoka nchini ni zaidi ya mara tatu ya enzi za mzee wa Kijana wa Kihamba, na bado mfugaji anasema haipo. Imeenda wapi? Imeenda kwenye spiriti. Kilombero pale walijenga kiwanda cha spiriti 2013, kinakula molasesi mwaka mzima. Mwenye kiwanda cha pombe ananunua kwa tanki, wewe unanunua kwa dumu, unafikiri nani atahudumiwa kwanza.

La pili, ukienda kwenye majedwali ya chakula ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, utakuta kila nchi, kwa muwa, kuna mstari wa uliozalishwa, uliosindikwa, wa mbegu, uliopotea na uliolishwa mifugo. Watu wanachora grafu ya ule mstari wa mifugo halafu wanasema mwenendo ni huu. Ule mstari unahesabu fimbo za muwa tu. Molasesi ni zao jingine lina mstari wake, na vilele havimo kabisa kwa sababu uzito wa muwa unaohesabiwa ni wa fimbo iliyokatwa kichwa. Kwa hiyo kwa nchi kama yetu grafu inaweza kulala chali miaka 20 wakati mitaani mambo yamebadilika, maana sisi tunalisha kichwa na mabaki, fimbo inaenda kiwandani.

mama Maziwa

Takwimu Mbichi nimekuelewa kuliko mwalimu wangu wa fomu tuu 😂

Mimi nina ng'ombe watano Tanga, molasesi naiweka kidogo kwenye pumba ili mikavu iteremke. Swali langu mbona nasikia ukizidisha ng'ombe analewa? Jirani ng'ombe wake alianza kuyumba na kugonga kichwa ukutani, wakasema kalogwa.

Bwana Mifugo Mstaafu

Mama Maziwa, hajalogwa, hilo linajulikana. Cuba walilisha molasesi kwa wingi mno miaka ya sitini na sabini, ng'ombe wa nyama wanapewa molasesi na yurea (ile ya mbolea) kama chakula kikuu kabisa, na huo ugonjwa waliuita kwa lugha yao ulevi. Siyo pombe, ni ubongo unakosa nguvu. Hutokea ng'ombe akipewa molasesi nyingi na majani machache. Dawa ni kumpunguzia na kumrudishia majani mabichi haraka, akichelewa anapofuka. Kwa ng'ombe wa maziwa kilo moja na nusu mpaka mbili kwa siku na majani ya kutosha hutamsikia akiyumba.

Na Cuba msifikiri walifanya kwa kupenda majaribio. Muwa walikuwa nao mwingi, nafaka za mifugo wananunua nje. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika 1991 meli za nafaka zikakata, basi wakarudi kwenye muwa kwa nguvu zote, wakawa wanausaga wanauchachusha na yurea na chumvi, unakauka unakuwa kama pumba, wanaita sakarina. Hii si ile ya kwenye chai.

NyangeMweupe

Yaani nimekuja kusoma habari za ng'ombe natoka na historia ya vita baridi

Mkata Vilele (mleta uzi)

Takwimu na Mzee mmenifungua. Sasa nakuja kwenye kitu kinachoniuma roho na ndicho kilichonifanya nijiite hili jina.

Vilele. Ekari moja ya miwa iliyosimama vizuri, ukiacha fimbo, inatoa kama tani 4 za vilele vibichi. Ng'ombe mmoja akila kilo 25 kwa siku hizo ni siku 160, miezi mitano na kitu, kiangazi kizima. Ekari moja! Na vinapatikana lini? Msimu wa kukata unaanza Juni hivi unaenda mpaka mwisho wa mwaka, ndiyo miezi ile ile mfugaji anazunguka na baiskeli kutafuta majani mpaka reli.

Na sisi tunafanyaje? Tunachoma. Jioni unawekwa moto, robo saa tu majani yote ya shamba yako angani, asubuhi nguo za watu kamba nzima zina masizi. Kile kilele kinabaki kimebabuka, kikavu, ng'ombe ananusa anageuka. Nimesimama pembeni ya moto wa shamba langu mwenyewe huku nikijua nyumbani hori ni tupu. Nilijisikia mjinga.

Shemeji wa Wakataji

Mkuu pole ila usiongee kama tunachoma kwa raha. Mimi nimekata miwa misimu minne. Mkataji analipwa kwa alichokata. Shamba lililochomwa unaona unachokata, unaingia na panga unasonga, hakuna majani ya kukuchana uso na mikono, nyoka wameshakimbia au wameiva. Shamba bichi siku nzima unakata nusu yake, jioni umechanika kama umepigana na paka. Ukitaka tusichome toa hela ya tofauti, ni hivyo tu. Na kiwanda nacho kinataka miwa safi, majani yakienda na fimbo kwenye kinu wanakukata malipo.

Jirani wa Magharibi

Salamu kutoka Kenya wakuu, nawasoma kwa makini. Huku kwetu Magharibi na Nyanza miwa mingi inakatwa ikiwa mbichi, kuchoma ni mpaka moto uingie kwa bahati mbaya au kwa uhasama. Kwa hivyo vilele ni biashara ya kila siku, wakati wa kukata utaona wamama na vijana na punda wakifuata trakta, kila mtu anafunga mzigo wake. Ng'ombe wa gredi anakula hizo na napia kidogo (nyinyi mnaita mabingobingo) na dairimili, kile chakula cha ng'ombe wa maziwa cha dukani.

Lakini mjue pia inategemea kiwanda. 2023 serikali ilisimamisha usagaji kuanzia Julai hadi mwisho wa Novemba kwa sababu miwa iliyokomaa iliisha, watu walikuwa wakivuna miwa michanga. Hakuna kukata, hakuna vilele. Mtu aliyezoea kulisha hizo alijipata pabaya sana, ikabidi arudi kwa nyasi za kununua. Kwa hivyo usimfanye kilele kuwa baba wa boma.

Takwimu Mbichi

Na India, Maharashtra, vilele ni sehemu ya ujira wa mkataji. Anakata bichi, fimbo za kiwanda, vilele vyake anauzia wafugaji au analisha ng'ombe wake wa mkokoteni. Ndo maana hachomi, anachoma hela yake mwenyewe. Shemeji wa Wakataji hapo umepata hoja ya kwenda nayo AMCOS.

Shemeji wa Wakataji

😳 kumbe

Orkiteng

Wazee mimi naongea kutoka Simanjiro. Nyie mnaongelea maziwa kupungua, sisi tunaongelea ng'ombe kufa. Ule ukame wa mwisho wa 2021 kuingia 2022, Simanjiro na Longido watu walihesabu mizoga. Baba yangu alisema 2009 ilikuwa mbaya, hii akasema ni ndugu yake wa tumbo moja.

Tulichanga boma letu na la jirani tukapata lori, tukashuka mashamba ya miwa chini ya Moshi kununua vilele. Lori zima linajaa linaonekana mlima, ukifika nyumbani ukigawa ni siku mbili. Ni mzito ule mzigo ni maji matupu. Hela ya mafuta ilishinda hela ya majani. Tukaambiwa leteni molasesi basi, ni chakula kizito kwenye chombo kidogo, tukaleta madumu. Ng'ombe waliokuwa bado na nguvu ilisaidia. Wale waliokuwa wanainuliwa na mkia, tuliwapa na njaa yao ile, wanne walijaa tumbo wakafa usiku ule ule. Hatukujua. Hakuna aliyetuambia kwamba mwenye njaa hapewi nyingi.

Kwa hiyo mkisema matumizi yameongezeka, kwetu yameongezeka hivyo. Kila ukame watu wengi zaidi wanashuka kwenye miwa, na kila mwaka bei imepanda, na wenye miwa bado wanatuona sisi ni wezi wa kuingiza mifugo shambani.

mama Maziwa

Pole sana Orkiteng kaka yangu. 😔

Bwana Mifugo Mstaafu

Pole Ole. Mnyama aliyekaa na njaa tumbo lake limelala, ukimimina sukari inachacha ghafla inageuka tindikali. Anaanzishwa na majani makavu kwanza, molasesi ni ya kunyunyiza tu kwa siku kadhaa. Nawaomba hili mliweke kichwani kabla sijaja kwenye yurea maana najua kuna watu wanaisubiri.

Mkata Vilele (mleta uzi)

Mzee tunaisubiri kweli 😅 maana nimesikia Brazili wanalisha muwa mzima kwa yurea na ng'ombe wanakamuliwa vizuri tu.

Bwana Mifugo Mstaafu

Kweli. Brazili taasisi yao ya utafiti wa kilimo, Embrapa, waliisambaza sana kwa wafugaji wadogo toka miaka ya themanini. Yurea ile ile ya mbolea ina nitrojeni asilimia 46, wadudu wa tumbo kubwa wanaigeuza kuwa protini alimradi wana sukari ya kutosha, na sukari ndiyo muwa ulionayo. Kwa hiyo vinaoana.

Kipimo chao: sehemu 9 za yurea kwa sehemu 1 ya SA (mbolea ya salfeti ya amonia), changanya pamoja. Kilo 1 ya mchanganyiko huo kwa kilo 100 za miwa mibichi iliyosagwa, uiyeyushe kwenye lita 4 za maji, umwagie kwa kopo lenye matundu huku mwenzio anageuza kwa koleo. Wiki ya kwanza nusu ya hapo, nusu kilo tu. Ukikatiza siku mbili tatu ukirudi unaanza tena na nusu. Madini na chumvi viwepo kila siku.

Sasa fungueni masikio. Punda, farasi, nguruwe, kuku, hawapewi. Ndama chini ya miezi sita hapewi. Ng'ombe mwenye njaa hapewi kama wa Orkiteng. Hori liwe na matundu chini na paa juu, maji ya mvua yakituama yanayeyusha yurea yote, ng'ombe wa kwanza kunywa anaanguka. Dalili ni kutetemeka, povu, kuyumba, tumbo kujaa, na ni dakika si masaa. Siki iwe ndani ya nyumba, unamnywesha lita mbili tatu na maji mengi ya baridi huku daktari yuko njiani. Asiye na siki asinunue yurea.

Na hata ukifanya yote hayo, muwa na yurea peke yake unamtunza ng'ombe asikonde, haumpi maziwa ya maana. Ongeza kitu kama mashudu ya alizeti au ya pamba. Wewe uliye Morogoro una bahati, mpunga umekuzunguka, pumba laini za mpunga zile zinazotoka kwenye kukoboa mara ya pili zinaendana na muwa kuliko kitu kingine chochote, zina mafuta, wanga na protini inayopita mpaka utumbo mdogo. Kilo moja tu kwa siku inabadilisha mambo. Lita 8 mpaka 10 kwa chotara inawezekana. Anayetaka lita 20 kwa muwa atafute dini nyingine.

NyangeMweupe

"Asiye na siki asinunue yurea" hii iandikwe kwenye mifuko ya mbolea

Kijana wa Kihamba

Mzee mbona umeruka saileji, yale majani ya kusaga na kufungia yasipate hewa ili yakae? Mimi nilijaza muwa uliosagwa kwenye mapipa mawili ya plastiki, nikakanyaga, nikafunga. Kufungua baada ya mwezi harufu kama kilabuni, mama akaniuliza nimeanza biashara gani.

Bwana Mifugo Mstaafu

😂 Uliianza kweli. Hamira zinazokaa kwenye muwa zinageuza sukari kuwa pombe, unapoteza kile kile ulichotaka kutunza. Weka yurea nusu kilo mpaka kilo moja kwa kila kilo 100 wakati wa kujaza, au chokaa kipimo hicho hicho, hamira zinatulia. Lakini kwa nini usaileji muwa wakati umesimama shambani haudaiwi kodi? Kata wa leo usage wa leo. Saileji fanya vilele, ndivyo vinakuja vyote kwa mkupuo.

Mtoza Ushuru

Nawasoma toka juu na kuna kitu hamsemi. Tuna ng'ombe zaidi ya milioni 36 nchi hii. Sukari tunayotoa kwenye miwa yetu haijatutosha, miaka mingi tumekuwa tunaagiza nje. Halafu mnataka kuwapa ng'ombe? Siku sukari ikipanda tena kilo elfu 4 mtaeleza nini.

Takwimu Mbichi

Mtoza Ushuru umesoma toka juu lakini ya katikati umeruka. Hakuna anayesema fimbo ya kiwandani iende horini. Vilele vinachomwa, ng'ombe akivila sukari haipungui hata kijiko. Miwa iliyolala kama ya mleta uzi ilikuwa imeshakosa kiwanda. Na maeneo yasiyo na kiwanda karibu, mtu akipanda robo ekari nyuma ya zizi kama akiba ya kiangazi kiwanda hakikosi kitu. Soko la fimbo likiwa zuri mkulima mwenyewe atapeleka kiwandani, hahitaji kushauriwa.

Mtoza Ushuru

Hiyo ya robo ekari nakubali. Mengine nitafikiria.

mama Maziwa

Hiyo robo ekari upande mbegu gani? Ile ya kutafuna laini au ya kiwandani?

Bwana Mifugo Mstaafu

Yenye sukari nyingi na nyuzi chache, isiyoanguka, na majani yake yanayojivua yenyewe. Ya kutafuna ni laini kweli ila wapita njia watakumalizia kabla ng'ombe hajaonja. Waulize TARI Kibaha, taasisi ya utafiti wa kilimo, ndio wenye utafiti wa miwa. Panda pembeni yake lusina au gliricidia, unakata vyote siku moja.

Mkata Vilele (mleta uzi)

Wakuu nimerudi, wiki tano zimepita toka nianzishe uzi. Mrejesho.

Kwanza nyumbani. Nilianza na nusu kilo ya yurea kama Mzee alivyosema, siki chupa sita ziko juu ya kabati mke wangu akadhani nafungua mgahawa. Pumba laini za mpunga napata kwa jamaa wa mashine, kilo moja kwa kila anayekamuliwa. Maziwa hayajarudi yote ila yamepanda na yamesimama hapo, kinyesi kimekaza, na yule mtamba mbavu zimeanza kujificha. Ng'ombe mmoja anasusa ukibadilisha tu mkono wa kumwagia, sijui ananusa nini.

Halafu AMCOS. Nilikwenda na hoja ya India. Walicheka kwanza, mwenyekiti akaniuliza kama nimeanza kuangalia filamu za Kihindi. Mwisho wakakubali ekari yangu moja tu, kwa gharama yangu, ikatwe bila moto. Wakataji walitaka nyongeza, tukavutana nusu siku, nikawaambia basi vilele nusu vyenu nusu vyangu. Wawili wana mbuzi nyumbani, hao ndio waliowashawishi wengine. Siku ya kukata ilikwenda taratibu mno, mmoja aling'atwa na nyuki mkono ukavimba nikamlipia dawa, na kiwandani mzigo wa kwanza ulikatwa malipo kwa majani yaliyobaki kwenye fimbo, wa pili tukasafisha vizuri ukapita.

Vilele vyangu nimejaza shimo moja la saileji, vingine nimeviweka kivulini. Nusu ya wakataji waliviuza hapo hapo barabarani kabla ya jioni, mnunuzi mmoja alikuja na bajaji ya mizigo mara tatu, na amechukua namba yangu ya simu anauliza ekari ya pili ni lini.

Shemeji wa Wakataji

Na mimi nauliza hiyo ekari ya pili ni lini. Nina mbuzi.